Kompyuta Iliyotufanya Nalongo Mmoja

Mtu akikuuliza nyumbani kwako mnalala wangapi, wewe kwanza muulize yeye analala wapi. Ndivyo nilivyomjibu yule msichana wa kompyuta, na wenzangu kwenye benchi wakacheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa leso.

Vita vilikuwa vimeisha zamani, watoto waliozaliwa baada yake wameshaoa. Lakini sisi tuliokuwa Kampala wakati ule tunajua: mtu wa kuja kuandika majina ya nyumba hakuwa analeta sukari, usiku walirudi kuchukua watu.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili tu, hapa Lubaga, ukiteremka kutoka kanisani. Inasaidia watoto waliozaliwa na miguu imepinda. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu marehemu, mguu wake wa kushoto ulizaliwa umegeukia ndani. Wakaunyoosha kwa plasta, kisha wakampa viatu vya kulalia, vimeunganishwa na chuma katikati. Mguu ukikua, vinabadilishwa. Ukichelewa, mguu unarudi kule kule ulikotoka. Na vya mjukuu wangu vilikuwa vimeshambana, vidole vimejikunja kama makucha ya kuku.

Zamani mama wa ofisi alitujua kwa sura. Unaingia tu, "Nalongo, karibu, mtoto amekua huyo!" Anaenda stoo, anatoka na viatu. Mimi si Mganda, nimezaliwa Busia upande wa Kenya, lakini mapacha wangu niliwazalia hapa Lubaga. Na hapa ukizaa mapacha, jina lako la zamani limekufa, wewe ni Nalongo mpaka kaburini. Mtu akikuita jina la usichana ni kama amekuvua nguo sokoni.

Mama yule akastaafu. Wafadhili wakataka ripoti nzuri, watoto wangapi, viatu vingapi, ndipo akaletwa msichana na kompyuta yake. Mpole sana! Upole wenyewe ndio ulionitia wasiwasi. Anauliza, anatabasamu, anagonga vidude vyake.

Siku ya viatu akaniita bibi kwa Kiganda, akaniambia, "Jaja, hapa inaonyesha umeshachukua."

"Nani, mimi?"

"Nalongo, wa Lubaga, mjukuu mmoja, mguu wa kushoto. Umechukua mwezi uliopita."

"Nimeviweka wapi, nimevipika?"

Nikajua tu, kuna mtu amekula viatu vya mtoto wangu. Nikageuka kuangalia benchi. Nalongo mwenzangu, yule anayeuza kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, alikuwa amekumbatia mfuko, na ndani kuna kitu kirefu kigumu.

"Wewe Nalongo, fungua huo mfuko."

"Nimekuwa mfungwa wa Luzira, unipekue?"

"Kama ni safi, fungua!"

Akafungua kwa hasira. Muhogo! Mkubwa, na udongo wake. Ofisi nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka, ingawa jicho langu lilichungulia chini ya ule muhogo.

"Hata mimi," akasema mwenye muhogo, "nimeambiwa nimechukua, na sijachukua."

"Na mimi," akasema Nalongo wa tatu huko mlangoni.

"Jamani, na mimi!" Huyo wa nne.

Msichana akashika kichwa. Kumbe alikuta Nalongo, Nalongo, Nalongo, wote Lubaga, akafikiri ni bibi mmoja ameandikwa mara nyingi. Akatukunja tukawa mtu mmoja, ripoti iwe safi; mwenzetu mmoja, ambaye siku hiyo hakuwepo, alipochukua vyake mwezi uliopita, ikawa tumechukua wote.

"Mwanangu," nikamwambia, "sisi wanne hapa tumezaa mapacha wanane, wewe unatupa tumbo moja?"

"Basi jaja, nipeni majina yenu ya kweli, niwatenganishe."

Mwenye muhogo akasema, "Langu alilijua mama yangu, na mama yuko chini ya ardhi. Nenda kamuulize."

Msichana akatuangalia, kisha akawaangalia watoto tuliokuja nao, wamekaa sakafuni. "Lakini anayevaa viatu ni nani? Ni wao. Nitaandika mtoto, jina lake na picha ya mguu wake. Nyinyi mbaki Manalongo."

Hilo nikaliona lina akili. Lakini picha? "Nani ataiona?"

"Mimi na daktari. Wafadhili wataona hesabu tu."

"Hao wafadhili wanakaa wapi?"

"Mbali, jaja."

"Mbali wapi? Na wanataka hesabu ya miguu yetu wafanye nini?"

"Wajue watume viatu vingapi."

Nikamwambia ageuze hicho kioo nione mwenyewe. Kusoma sijui sana, lakini mguu wa mjukuu wangu naujua. Ukapigwa picha, ukaingia pale, wa kwake peke yake. Ndipo stoo ikafunguliwa.

Viatu vikaja, na karatasi ya kuweka dole gumba. Nikasema, kwanza mtoto avae. Akavaa. Vidole vyote vitano vikakaa vimenyooka, bambi, maskini, mtoto mwenyewe akavichezesha akacheka.

Sasa nikaweka dole. Nikaweka la mkono wa kushoto, maana la kulia msichana yule nilikuwa bado sijamwamini nalo.