Vitamini E ya Fundi Misumari

Fundi makochi huyu aliitwa Misumari na kila mtu, hata mkewe, kwa sababu alifanya kazi huku misumari midogo imemjaa mdomoni, akiitoa mmoja mmoja na kuigongelea kwenye kitambaa. Karakana yake ilinuka gundi na sponji.

Mwaka uliotangulia damu iliganda mguuni mwake. Tangu hapo alimeza dawa ya kuzuia damu isigande, na mara kwa mara alikwenda kliniki kupimwa, isije ikawa nzito au nyepesi kupita kiasi. Alishazoea.

Kisha dada yake mkubwa akamletea chupa ya vitamini E. "Hii ndiyo kiboko yao," akasema. "Inalinda moyo. Wewe na mguu wako huo, usikose kumeza."

Mkewe naye alikuwa na chupa yake, ila hakumeza hata kidonge kimoja. Alitoboa kidonge kwa sindano na kujipaka mafuta yake usoni. Misumari akamsogelea, akauliza.

"Sasa hiki ni chakula, dawa, au mafuta ya kujipaka?"

"Ni vitamini," mkewe akajibu, kana kwamba amemaliza mjadala.

Basi kama ni vitamini, akawaza Misumari, zikizidi si ndiyo afya yenyewe? Akawa anameza asubuhi, anameza tena jioni, na akijisikia mchovu anaongeza.

Baada ya muda mikono yake ikaota mabaka ya samawati. Akailaumu nyundo. Fizi zikaanza kutoa damu, akailaumu misumari, akaihamishia kwenye kopo. Fizi hazikujali. Siku moja pua ikamwaga damu juu ya kochi jeupe la mteja, na haikutaka kukatika. Mkewe akamwinamisha, akambana pua, wakakimbilia kliniki.

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, alitazama majibu ya kipimo, akakunja uso. "Damu imekuwa nyepesi mno. Umeongeza dawa yoyote, baba?"

"Hata moja."

"Za miti shamba?"

"Wala."

"Na vile vidonge vya wifi?" mkewe akadakia.

"Vile si dawa! Ni vitamini."

Daktari akaweka kalamu chini. "Vitamini E ikiwa nyingi nayo inazuia damu kuganda. Dawa yako inafanya kazi hiyohiyo. Ndiyo maana unavuja."

"Basi niache ile ya damu, niendelee na vitamini?"

"Thubutu! Ya damu usiiache wala kuipunguza mpaka nikuambie. Ya kuacha ni vitamini."

"Lakini inalinda moyo."

"Wengi waliamini hivyo. Watafiti walipopima vidonge vya kiwango kikubwa, faida hiyo haikuonekana. Mtu mzima anahitaji kama miligramu kumi na tano kwa siku, na nyingi utazipata kwenye karanga, alizeti na mboga za majani. Kidonge chako kimoja kimezidi hapo kwa mbali. Wapo wanaovihitaji kweli, kama wale ambao miili yao haifyonzi mafuta vizuri, ila hao hupangiwa na daktari."

"Kwa hiyo karanga niache?"

"Karanga kula."

"Si ndiyo vitamini E hiyohiyo?"

"Ndiyo, ila ni kidogo."

Misumari akamgeukia mkewe. "Na huyu anayejipaka usoni?"

"Kujipaka hakumfikishi huko," daktari akasema. "Ngozi ikimwasha, aache."

Walimlaza kumwangalia, wakampangia dozi upya. Mabaka yakafifia, fizi zikatulia. Kilichomsumbua zaidi ni simu ya dada yake. "Yaani nimekulisha sumu?" aliuliza huku akilia. Misumari akasema si sumu, ni vitamini, ila kwake ikawa kama sumu, ingawa kwenye karanga si sumu. Dada akakata simu.

Dada alikuja karakanani baada ya kununa vya kutosha, akaketi kwenye fremu ya kochi lisilo na sponji.

"Mimi nameza dawa za moyo, na vitamini hizo nazimeza pia," akasema. "Niache au niendelee?"

Misumari akajaribu kukumbuka ipi iliachwa, ipi haiguswi, na karanga zinaingia wapi.

"Dada, nikikujibu nitakupoteza," akasema, akivua aproni. "Twende tukamuulize daktari."