Raheli na Pikipiki za Mutwanga

Asubuhi moja ya mvua hapa Butembo siisahau, mwanangu, hasa leo ninapokuona ukifunga mizigo kwenda kusomea uinjilisti. Nami nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha Biblia, nimerudi likizo, na elimu ilikuwa imenipanda kichwani kuliko kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi.

Nyumbani tulikuwa tumempokea mama mmoja aliyekimbia vita upande wa Mutwanga, huko Beni, akapotezana njiani na binti yake. Kila asubuhi alishuka kwenye kituo cha pikipiki kuwauliza madereva wa kwao: hamjamwona Masika, mwenye kovu juu ya jicho? Kovu alilitaja kwa sababu akina Masika ni wengi kama migomba.

Siku hiyo mvua ilimzuia. Akaniomba nimsomee nabii Yeremia, pale Raheli anapowalilia watoto wake. Nikasoma, kisha nikaeleza bila kuombwa: neno hilo lilikwisha kutimia, Mathayo anasema, Herode alipowaua watoto wa Bethlehemu.

"Donc, kumbe batoto ya Raheli balikufa tu," akasema. "Basi niache kuuliza."

Mvua ikakatika, hakutoka. Kesho yake pia hakutoka. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini nilikuwa nimemvunja mtu.

Pasta mzee aliyenilea alipopata habari, akaja akaketi kati yetu. Alinipenda, ndiyo maana hakunihurumia.

"Mwana yangu, umesoma mustari moja ukafunga kitabu. Bayahudi, benye balipewa ile neno mbele yetu, banasoma mpaka chini. Kwabo, batoto ya Raheli ni bale balibebwa ku Babeli, bazima, na Mungu anaahidi batarudia. Sisi Bakristo tunasikia ndani yake kilio ya Bethlehemu pia, na ni vizuri. Mais, lakini mutoto ya huyu mama, nani alimuona amekufa? Soma tena."

Nikaendelea: Mungu anamwambia Raheli afute machozi, watoto watarudi kutoka nchi ya adui. Mama akajifunga kitambaa, akashuka kituoni. Nikamfuata topeni, aibu imenijaa.

Si kila Raheli wa Beni amerudishiwa watoto wake, na usithubutu kumwahidi mtu hivyo. Lakini dereva mmoja alimtambua msichana kwa kovu lile, akamleta amekonda, analia na kucheka. Kovu hilo unalijua. Ni mama yako, anayenitania hadi leo kwamba nilitaka kumzika kwa Mathayo.

Basi, mwanangu, mwamini Kristo wako kwa moyo wote, ila kumbuka wapo waliousoma unabii kabla yetu na bado wanausoma. Usiwapokonye kitabu chao. Na mbele ya mtu anayelia, usifunge ukurasa upesi ili uonekane umesoma.

Mungu akutangulie barabarani, akupe masikio kuliko mdomo. Na mama yako huyo, anayejifanya ni moshi wa jikoni unaomtoa machozi, amjalie akuone ukirudi.