Mteja kanipa mgongo

Leo mteja kanipa mgongo ofisini, na nimefurahi.

Mnajua nilikotoka: kuanika dagaa, saluni ya Katubuka, ndipo nikasomea ushauri nasaha.

Sasa kuna mama mmoja wa Simbo, kafiwa na mwanawe. (Karuhusu nisimulie.) Kila akija tunatazamana tu. Mimi na maswali ya chuoni, yeye na "sijambo" yake.

Leo akaniuliza, "Dada, si wewe ulikuwa unasuka Katubuka?"

Nikakubali, kwa aibu kidogo. Vyeti viko ukutani!

Akavua kilemba, akakaa sakafuni mbele ya magoti yangu.

"Basi nisuke. Tangu msiba sijasuka. Tukitazamana hivi siwezi kusema."

Wasusi wenzangu, mngefanyaje?

Mimi nilitoa chanuo mkobani.

Nilipofika utosini, akalitaja jina la mwanawe.