Kikosi cha Kiwanda cha Rangi

Kwa miaka ishirini na sita, yeyote aliyetaka kuzungumza na mtu wa kiwanda cha rangi ilibidi apitie kwanza kwa mwanamke mmoja aliyekaa chini ya ngazi. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na kiti, feni iliyokohoa kuliko kupuliza, na swichibodi yenye taa ndogo nyekundu zilizowaka na kuzimika kutwa nzima. Wafanyakazi walipiga sifuri, naye akaitika, "Naam, nikuunganishe na nani?" Wakamwita Mama Laini, ingawa hakuwahi kuzaa. Sauti zao alizijua kama vidole vyake: nani ana mafua, nani anajifanya ana mafua, nani amenuniana na mkewe. Sura ndizo hakuzijua. Aliingia kabla yao, akatoka baada yao, na chakula alikula palepale, mkonga wa simu sikioni.

Kisha ikaletwa mashine inayojibu yenyewe. Meneja akasoma hotuba fupi, akakosea hata idadi ya miaka yake ya kazi, na Mama Laini akajikuta anarudi nyumbani mchana kweupe, asijue mchana huo aufanye nini.

Nyumbani ni vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Hapo alikuwa amemlea binti wa kaka yake tangu sekondari hadi chuo. Binti alipopata kazi ya mbali aliacha boksi juu ya kabati. "Shangazi, hiyo gemu igawe tu," alisema akifunga begi. "Mimi nimeshakua."

Zaidi ya mwaka mmoja ulipita ndipo Mama Laini akalishusha boksi ili ampe jirani. Lakini si mtu wa kugawa kitu ambacho hajakijaribu. Akachomeka nyaya kwenye televisheni, akapuliza ile kaseti ya mpira kama alivyokuwa akimwona binti anafanya, akabonyeza. Uwanja wa kijani ukatokea. Wachezaji wakatoka mbio, wadogo kama punje, wote uso mmoja, na mashabiki wakavuma kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Mechi ya kwanza alifungwa kumi na moja bila, mawili kati ya hayo akijifunga mwenyewe.

"Aibu gani hii!" akasema kwa sauti.

Akashtuka. Tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa.

Gemu haikugawiwa. Kila siku baada ya kufua na kufagia, Mama Laini alikaa kwenye mkeka na pedi ya kuchezea gemu mapajani. Vidole vyake, vilivyozoea kuchomeka na kuchomoa bila kutazama, vilishika mchezo haraka kuliko alivyotarajia. Mwezi wa pili alitoka sare. Mwezi wa tatu alishinda, akasimama katikati ya chumba mikono juu, kisha akaishusha polepole, maana hakukuwa na mtu wa kumwona.

Siku moja akagundua ukurasa wa kubadilisha majina ya wachezaji. Herufi mwisho nane. Aliwaza nani wa kuwaandika, na waliomjia kichwani ni wale wa namba za ndani za kiwandani. Langoni akamweka MLINZI, kwa sababu ndiyo kazi yake. Nyuma MHASIBU na KARANI, watu wasiopitisha kitu hivihivi. MASIJALA ikaenea barabara. Mchanganyaji wa rangi hakuenea, akabaki MCHANGAN. Mbele akamweka MAABARA, kijana wa sauti ya upole aliyekuwa kila asubuhi anasema, "Shikamoo mama, leo umependeza," naye hajamwona. Winga ya kulia akampa STOO, mtunza stoo, kwa kuwa alikuwa anaongea mbiombio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. MENEJA akamweka benchi, na huko akakaa msimu mzima.

Tangu hapo chumba kikawa na watu. "Pasi, Masijala, acha uchoyo!" alikuwa akifoka. "Karani, umelala?" Jirani wa chini alimuuliza kwenye ngazi siku hizi anaishi na nani. Mama Laini akasema ni redio.

Basi ikawa siku moja amekwenda kliniki ya macho. Foleni ndefu, yeye kwenye benchi na kadi mkononi, akasikia nyuma yake mtu akimwambia nesi, "Dada, nipe dawa nikimbie, jua linazama!" Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Maneno hayo aliyasikia kila siku kwa miaka kumi na mitano. Akageuka, akaona mzee mfupi, kipara kinang'aa, amejiegemeza kwenye fimbo.

"Bwana Stoo," akasema.

Mzee akaduwaa. Hakumtazama usoni, aliinamisha kichwa kama mtu anayetegea sikio. "Rudia."

"Naam, nikuunganishe na nani?"

"Mama Laini!" Mzee akacheka mpaka nesi akawanyooshea kidole. "Mimi miaka yote nilidhani wewe ni mnene!"

Jumamosi akaja kumtembelea, akipumzika kila ngazi ya tano. Mama Laini alikuwa amefagia mara mbili na kuazima kikombe cha pili, maana vyake vilivyobaki havikulingana. Chai ilipokwisha na habari za afya zikaisha, akapiga moyo konde akawasha gemu. Bwana Stoo akasoma majina kwenye kioo, midomo ikicheza.

"Huyu STOO ni nani?"

"Ni wewe."

"Mbona nina nywele?"

"Wote wana nywele. Ndivyo walivyotengenezwa."

"Na mbio hizi zote ni zangu? Nyonga yenyewe hii?" Akamtazama yule punje akipasua pembeni ya uwanja, akatikisa kichwa kwa furaha. Alipomwona MENEJA benchi, alicheka hadi akafuta machozi kwa kiganja. Kisha MAABARA akafunga kwa kichwa, mashabiki wakavuma, na Bwana Stoo akaacha kucheka.

"Kumbe umemweka na huyu kijana," akasema.

"Ndiye mfungaji wangu. Mabao kumi na tisa."

"Mama Laini, yule tulimzika. Mwaka wa pili huu. Figo."

Pedi ikabaki mikononi mwake. Kwenye kioo wachezaji walikuwa bado wanakumbatiana.

"Hakuna aliyeniambia," akasema.

"Tungekuambia vipi?" Hakusema kwa ukali. "Sisi sote tulikuwa tunapiga sifuri kukupata. Sifuri ilipozimwa, nani alijua namba yako? Nani alijua unakaa wapi?"

Mama Laini akainuka, akaenda jikoni, akaosha vikombe viwili kwa muda mrefu kuliko vikombe viwili vinavyohitaji. Aliporudi alimkuta mzee ameshika pedi ya pili, anaigeuzageuza.

"Hii nayo inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi nifundishe. Lakini MAABARA usimtoe."

"Simtoi."

Alikuja Jumamosi nne. Mpira hakuuweza hata kidogo; vidole vyake vilibonyeza vitufe vyote kwa pamoja, na mchezaji wake alipokaribia goli alipiga teke la hewani. Mama Laini alijifunza kufungwa kwa makusudi bila kushtukiwa. Katikati ya mechi walikuwa wakizungumza: mkewe aliyefariki, paa la stoo lililovuja, mvulana aliyemtaka Mama Laini wakati mmoja halafu akahama bila kuaga. Hayo ya mvulana hajawahi kumsimulia mtu.

Jumamosi ya nne mzee alichelewa, na alipoketi hakugusa pedi.

"Binti yangu anakuja kunichukua Jumatano," akasema. "Anasema ngazi za kwangu zitaniua. Kwake ni chini, hakuna ngazi. Ila ni safari ya siku nzima."

"Ni vizuri," akasema Mama Laini. "Mtoto akikukumbuka ni vizuri."

"Ni vizuri," mzee akakubali, na wote wawili wakatazama televisheni iliyokuwa imezimwa. Mzee akamwandikia namba ya simu ya binti yake kwenye pakiti tupu ya dawa.

Mama Laini aliyeunganisha maelfu ya watu alikaa na pakiti ile wiki tatu bila kupiga. Kila alipoinua simu alijiuliza aseme nini. Siku zote wenye la kusema walikuwa wengine, yeye akijitoa katikati yao. Hatimaye akapiga. Sauti ya mwanamke ikaitika, watoto wakipiga kelele nyuma.

"Baba amelala. Niseme nani alipiga?"

Akafungua mdomo, akatambua kwamba jina lake halisi Bwana Stoo halijui. Hakuwahi kuuliza, wala yeye hakuwahi kumwambia.

"Mwambie mtu wa kiwandani," akasema, akakata.

Jumamosi iliyofuata alicheza peke yake. Ligi ilikuwa inaelekea ukingoni, kikosi kikashuka hadi nafasi ya saba. STOO alikosa goli mara tatu, mara moja akiwa amebaki yeye na kipa tu. Mama Laini hakumfokea.

Jumatatu alasiri simu ikalia.

"Haraka, Mama Laini, namba yako nimeikuta kwenye simu ya binti, na mwenyewe anaitaka!" Sauti ilikuwa imefifia, na mzee hakusikia vizuri, ilibidi kila kitu kirudiwe mara mbili. Mama Laini akauliza hali. Mzee akasema hapo kwa binti yake ni pazuri, wajukuu wanamheshimu, chakula hakina chumvi. Halafu akauliza:

"Jumamosi nilicheza?"

"Ulicheza. Dakika zote."

"Nikafunga?"

Mama Laini akatazama televisheni.

"Mawili," akasema.

"Mawili!" Akasikika akimtangazia mtu chumbani kwamba amefunga mawili, na mtu huyo akiuliza mawili ya nini, baba. Kabla mzee hajamaliza kueleza, laini ikakatika.

Aliushikilia mkonga kidogo, asikilize kama itarudi. Haikurudi. Nje wingu lilikuwa limetanda, na nguo zake zilikuwa bado kambani. Akaurudisha mkonga mahali pake, akachukua beseni, akashuka kuzianua.