Mayai Manane ya Kaka

Jumatano, tarehe 11 Juni 1975, tulimpoteza kaka yangu. Siku mbili kabla, miguu ikiwa haimbebi tena, alikuwa amekaa kwenye kigoda na mimi pembeni yake, tukatoboa mayai manane na kuyarudisha chini ya kuku.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alisoma Ulaya, akarudi kufundisha chuo kikuu Dar es Salaam, na miaka yote aliuliza swali moja: kifaranga kikiwa bado punje ndani ya yai, chembe zake zinajuaje zipi ziwe bawa na zipi ziwe mguu? Alisema zinapelekeana habari. Wakubwa walimwambia nchi inataka mahindi na maziwa. Kijijini kwetu karibu na Ilongero, tulikohamishiwa mwaka uliotangulia, walimwita Bwana Mayai.

"Na nyinyi mlianza kama punje," aliwajibu. "Mnaona haya kujua?"

Alipopewa likizo ya ugonjwa alikuja na hadubini imefungwa kwenye blanketi. Chuoni mayai yake yalikaa kwenye sanduku la umeme la kuyapa joto. Kwetu alikuwa na kuku wangu mwekundu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mkono wangu hautetemeki, na wake ulikuwa umeanza. Niliharibu mayai mengi kabla sijajua. Jumatatu ile alinionyesha pa kukata, nikakata kwa sindano: kipande kidogo kutoka ukingo wa nyuma wa kichipukizi cha mguu, nikakipachika ukingo wa mbele wa kichipukizi cha bawa, katika yai jingine, hivyo hivyo mpaka yaliyopachikwa yakafika manane. Tukaziba matundu kwa plasta.

"Tuone kama bawa litasikia neno la mguu," akasema. "Fungua Jumapili. Andika unachokiona, siyo ninachokitaka."

Alhamisi tulimzika. Wageni walikuwa wengi, na hadi Ijumaa mchana kuku wa mji wetu mzima walikuwa wamekwisha kuliwa, isipokuwa yule mwekundu. Baba mdogo, aliyesimamia msiba, akaja mlangoni tulipokaa wanawake.

"Mwanangu, wajomba wamefika kutoka Ikungi. Hatuwezi kuwapa ugali na mlenda mtupu. Mtoe yule mwekundu."

"Hapana, baba."

"Hapana nini?"

"Ameatamia kazi ya kaka."

"Kazi imekwisha. Mwenye kazi tumemzika jana."

"Tumemzika yeye. Kazi bado, mpaka Jumapili. Mkimtaka kabla, nichinjeni mimi."

"Wewe mkavu, hutoi hata supu," shangazi akasema kutoka pembeni, na wanawake wakacheka, mara ya kwanza tangu Jumatano.

Baba mdogo hakucheka. "Unamlilia ndugu yako, au unalilia mayai?"

"Kulia nitalia. Kuku simtoi."

Kwetu mfiwa hainuki mkekani kabla msiba haujaisha. Niliinuka. Nilikunja mkeka wangu mbele yao wote, nikautandika kwenye banda la kuku, nikakaa humo na msiba wangu. Shangazi aliniletea uji. Wengine walipita wakitikisa vichwa. Niliwaacha watikise.

Jumapili asubuhi nilifungua. Manne yalikuwa yameoza. Mawili kuku aliyaviringisha mpaka plasta ikabanduka, yakakauka. La saba, kipande tulichopachika kilikuwa kimedondoka na bawa lilikuwa bawa tu. Katika yai la nane kifaranga kilikuwa hai. Bawa la kuku lina vidole vitatu. La hiki lilikuwa na sita, vitatu vikitazamana na vitatu, kama mtu na kioo chake. Vyote vilikuwa vidole vya bawa, hata kimoja hakikuwa cha mguu. Bawa lilisikia neno la mguu, likalijibu kwa lugha yake.

Nikachora kwa penseli kwenye daftari la kaka. Chini yake nikaandika idadi ya mayai yaliyojibu. Nilitamani sana kuandika kwamba yalikuwa mawili, au matatu, maana nilijua chuoni watauliza yai moja linathibitisha nini. Nikaandika moja.

Kisha nikamfunga kuku miguu, nikampeleka alikokaa baba mdogo na wajomba.

"Shikamoo, baba. Jumapili imefika."

"Marahaba." Akamwinua, akampima kwa mkono. "Amekonda huyu," akasema, akaenda kutafuta kisu.