Majira ya Baridi ya Mchungaji

Majuzi nilipita Riverdale Park, hapa Maryland, nikakuta kanisa letu limebomolewa. Hata chumba cha chini wamekifukia. Nilikaa tu ndani ya gari, na utanicheka, lakini ile harufu ya unyevu na chai ya tangawizi ikanijia puani.

Kanisa lilikuwa la Wazungu. Sisi watu wa Kenya, Kongo na Burundi tulipewa chumba cha chini Jumapili mchana, wenyewe wakishaondoka. Mwenye funguo alikuwa bibi kizee wa Kizungu, macho yake yamekwisha. Babu wa babu yake alikuwa mchungaji, miongoni mwa wa kwanza kupeleka Injili magharibi ya nchi hii, na makaratasi yake yalikuwa humo chini kwenye maboksi. Hakuna aliyewahi kuyasoma yote.

Basi kila Jumapili, nyanya yangu akikaanga mandazi, mimi nilimsomea bibi kizee shajara ya mchungaji. Niliogopa mno! Theluji ilifika madirishani. Ng'ombe wakafa, kisha mtoto mchanga. Mbwa mwitu walilia karibu zaidi kila ukurasa. Mwishowe mke wa mchungaji akatoka kwa miguu kutafuta msaada. Hapo mama akaniita twende nyumbani.

"Jumapili ijayo tutajua kama alirudi," bibi kizee alisema.

Wiki hiyo mvua ilinyesha bila huruma, maji yakaingia chini. Zamu ya usafi ilikuwa ya nyanya. Alikuta Biblia kuukuu na makaratasi ya mchungaji yameshikana, yameota ukungu. Kwetu Neno la Mungu halitupwi pipani. Nyanya hakujua Kiingereza. Aliona misalaba, ikamtosha. Aliyachoma yote uani, akiimba taratibu, kwa heshima zote.

Jumapili bibi kizee aliketi pale pale, mikono magotini, akisubiri. Mama alinivuta kando. "Tutafukuzwa hapa," alinong'ona.

Nyanya akanishika bega. "Mwambie huyu bibi ni mimi niliyechoma. Nilidhani zote ni Biblia."

Nilimwambia. Mafuta yalikuwa yakichemka jikoni. Kisha bibi kizee akaniuliza kama nilikuwa nimechungulia kurasa za mbele, japo kidogo. Nikamgeukia nyanya, nikamweleza anachotaka.

"Mwambie alirudi," nyanya alisema.

Nikamwambia. Akashusha pumzi, akaomba andazi lake.

Bibi kizee hakuuona mwisho wa baridi ile. Nyanya naye ametangulia. Lakini theluji ikianza kuanguka huku Maryland, namwona yule mke wa mchungaji akifungua mlango na kutoka. Mpaka leo kwangu hajarudi.