Mwavuli Nilioufunga Mtumbwini

Nakumbuka siku moja nilifunga mwavuli wa muuza soda kwenye mtumbwi wa kuvulia, nikaukaza kwa nati nne, na spana nikaiacha nyumbani. Mwanangu, nakiri mapema ili usihangaike kumtafuta mjinga wa habari hii.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, biashara imefunguliwa, na vitu tulivyozoea kuvisikia kwa wenye ndugu Nairobi sasa vilijaa barazani mwa maduka ya Mwanza. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kiti ni rafiki yangu tangu sekondari. Basi nilipopata mtumbwi mdogo wa kubeba mtu mmoja pale Nyegezi, sikujiuliza samaki wanapatikana wapi. Nilijiuliza makalio yangu yatakaa wapi.

Nikaenda Igoma, fundi akanichomelea kiti cha gari la abiria, Haisi iliyokufa, chenye egemeo lake. Ubavuni nikafunga mabomba ya plastiki ya kusimamishia fimbo za ndoana. Nyuma sanduku la barafu, mbele kibao cha redio. Kila nilipoongeza kitu vijana wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, walinisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nikatia mwavuli.

Mke wangu ni wa Bukoba, na mama yake alikuwa anakuja kwetu kwa mara ya kwanza, kwa meli ya asubuhi. Nikaapa kwamba mama atakula sato niliyemvua mwenyewe, si wa kununua.

"Na ukikosa, Baba Neema?" mke wangu akauliza.

"Kwa mtumbwi ule? Wewe andaa ndizi tu."

Alfajiri nikatoka, na kwa kitambo nilikuwa mfalme. Kisha upepo ukaingia chini ya mwavuli, mtumbwi ukaanza safari zake wenyewe. Kuukunja mwavuli siwezi, nati zimekaza. Nikivuta kasia, kiwiko kinagonga bomba. Nikitaka kusogea mbele, kiti kimeziba njia. Upepo ukanisukumia katikati ya magugu maji, ambayo siku hizo yalikuwa yameanza kutanda ziwani, nikakwama humo kama kuku ndani ya tenga, nimeegemea vizuri, redio inaimba. Jua likapanda. Meli ya Bukoba lazima ilikwisha kufika, nami sina hata dagaa.

Aliyenikuta ni Masanja, jirani yangu, akirudi kutoka kuvua. Akanifunga kamba, akanivuta hadi mwaloni. Tulipofika akanigawia sato wawili katika wake.

Mama mkwe alikula, akasifu mchuzi. Binti yake alipomsimulia yote, akanawa mikono taratibu, akasema, "Kumbe huku kwenu mkwe hulishwa na jirani." Mke wangu akainamia sahani. Mwanangu, ningechapwa viboko ningesahau upesi zaidi.

Sikukatazi kukiboresha chombo chako. Hata leo mtumbwi wangu una bomba moja la fimbo, na nalipenda. Ila funga kitu kimoja, nenda nacho ziwani, ukione kinavyokaa penye upepo, ndipo urudi kufunga cha pili. Na kabla hujakaza nati, jua utailegezaje. Iulize kazi kwanza inataka nini, mwili wako utauliza wenyewe baadaye. Mtaka yote hukosa yote. Na heshima ya mkeo mbele ya mama yake usiitundike kwenye kitu ambacho hujakijaribu.

Mungu akupe mikono yenye riziki na akili ya kupunguza. Siku wakwe wakija, washibe kwa jasho lako, na mkeo ainue uso.

Mimi nimeyasema kwa marefu kwa sababu nimezeeka na nimekaa. Masanja aliyasema kwa mkato siku ile ile pale mwaloni, akinisaidia kushusha redio, sanduku na mto wa kuegemea ambao habari yake nilikuwa nimekuficha wewe:

"Jirani, ulikwenda kuvua au ulihama?"